Tao moja la nyumba ya mashua ya Prospect Park, kwa udongo wa kuchoma

Hii ni shajara ya kujenga kipande kimoja cha ukuta wa nyumba ya mashua iliyoko Prospect Park, Brooklyn, jijini New York: tao moja, nguzo nusu mbili, kornisi (ukanda uliotokeza juu ya ukuta) na ukingo wa roshani, kwa kipimo cha karibu 1:10. Ubavu wa nyuma umeachwa wazi ili matofali, vyuma na njia ya maji vionekane. Tumetumia terakota ya kweli, yaani udongo wa kuchoma, kwa sababu ugonjwa wa jengo hili umo ndani ya terakota, na mfano wa karatasi hauwezi kuugua ugonjwa huo. Kazi imefanyika Dar es Salaam na bei zote ni shilingi za Tanzania. Anayetaka kuiga asome mpaka mwisho wa Aprili kabla hajanunua jipsamu.

3 Februari 2024. Jengo lenyewe

Tunaiita nyumba, si banda, maana neno banda lingempotosha msomaji. Prospect Park ilibuniwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, na kazi ya kuijenga ilianza 1866. Ziwa lake ni la kuchimbwa, karibu hekta 24, na lina mkono mwembamba uitwao Lullwater. Nyumba ya kwanza ya mashua hapo, ya 1876, ilikuwa ya mbao. Ya sasa ilijengwa mnamo 1905 kwa michoro ya Frank Helmle na Ulrich Huberty.

Katikati ya miaka hiyo ladha iligeuka. Maonyesho ya Chicago ya 1893 yaliwazoesha Wamarekani majengo meupe ya Kirumi yaliyopangwa kuzunguka maji, ingawa mengi yalikuwa ya plasta iliyochanganywa na nyuzi, ya kudumu msimu tu. Helmle na Huberty walitaka weupe ule ule, lakini wa kudumu. Walichukua ghorofa ya chini ya maktaba ya Mtakatifu Marko kule Venice, aliyoianza Jacopo Sansovino 1537: matao yaliyopangana, kila moja limebanwa na nguzo nusu, na juu yake kornisi nzito. Sansovino alijenga kwa jiwe la Istria, ambalo halinywi maji kwa urahisi. Wao walijenga kwa udongo wa kuchoma uliofunikwa glezi nyeupe isiyong'aa, yaani utando wa kioo. Tofauti hiyo ya jiwe na utando ndiyo mradi wetu wote.

Mwaka 1964 idara ya bustani ya jiji ilipanga kuibomoa nyumba ya mashua. Kubomolewa kwa kituo cha reli cha Pennsylvania, jijini humo humo, kulikuwa kumeanza mwaka mmoja nyuma, watu bado wana uchungu, wakapiga kelele mpaka mpango ukaachwa. Sheria ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria ilikuja 1965. Nyumba ya mashua ikapewa ulinzi huo 1968, na 1972 ikaingia kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Ilikarabatiwa miaka ya 1970, ikavuja tena, ikafungwa tena, na 2002 ikafunguliwa ikiwa kituo cha elimu ya ndege na mazingira cha Audubon, shirika la kuhifadhi ndege. Jengo lililoponea chupuchupu kubomolewa limeendelea kupigana na maji kwa miongo mingine mitatu. Tunataka kuona maji hayo yanapita wapi.

11 Februari. Mchoro

Uwiano umetolewa kwenye picha, kisha ukanyooshwa kwa kanuni ya Vignola, mbunifu Mwitaliano wa karne ya 16, ya nguzo za mtindo wa Tuscany: urefu wa nguzo ni kipenyo mara 7, kitako nusu kipenyo, kichwa nusu kipenyo, na vyote vinavyokaa juu ya nguzo ni robo ya urefu wake. Tulichagua kipenyo cha milimita 60. Hivyo kitako ni 30, mwili 360, kichwa 30, jumla 420, na juu yake 105.

Mwili umegawanywa pingili 6 za milimita 60. Theluthi ya chini haipungui unene, kwa hiyo pingili mbili za chini zinalingana na zinatoka kalibu moja. Nne za juu zinapungua polepole mpaka kipenyo cha 48, na kila moja inadai kalibu yake. Kalibu 5 kwa nguzo moja ni nyingi, lakini kalibu hizo hizo zinatoa nguzo ya pili, na zingetoa ya ishirini. Ndiyo sababu wajenzi wa 1905 waliipenda terakota kwa jengo lenye nguzo zinazojirudia: gharama iko kwenye kalibu ya kwanza, na kila nakala inayofuata ni udongo na moto tu.

Tao lina vipande 11 vya umbo la kabari. Kornisi vipande 5, ukingo una viguzo 8.

24 Februari. Udongo na rula ya kusinyaa

Udongo mwekundu wa mfinyanzi, kilo 60, ulichekechwa, ukalowekwa, ukakandwa. Tulitengeneza vibao 5 vya majaribio, kila kimoja kimechorwa mstari wa milimita 100. Vilipokauka mstari ulikuwa 94. Baada ya moto wa nyuzi 1,050 ulikuwa 91.5. Kipimo kichukuliwe baada ya moto wa mwisho, si baada ya kukauka.

Kosa la kwanza lilinaswa kwenye karatasi. Udongo unasinyaa asilimia 8.5, basi tukaongeza asilimia 8.5: 60 ikawa 65.1. Piga hesabu ya kurudi: 65.1 mara 0.915 ni 59.6, na kwa pingili sita nguzo inapungua zaidi ya milimita 2.5. Njia sahihi ni kugawanya: 60 gawanya kwa 0.915 ni 65.6. Kusinyaa ni asilimia ya udongo mbichi, wala si ya kipande kilichoiva.

Kisha tulichapisha rula iliyokuzwa kwa asilimia 109.3 na kuibandika kwenye ubao. Tangu hapo hakuna hesabu: unasoma 60 kwenye rula hiyo, unapata 65.6. Viwanda vya terakota vilitumia rula za namna hii, na mchoraji aliyeshika rula ya kawaida kwa bahati mbaya aliharibu oda nzima.

9 Machi. Kalibu

Mwili wa nguzo ulikerezwa kwa mbao. Tunahitaji nusu nguzo, lakini ukiipasua nguzo iliyokwisha kukerezwa msumeno unakula milimita 2 na unabaki na pungufu ya nusu. Dawa yake ni kuunganisha mbao mbili kwa gundi na karatasi ya gazeti katikati, kukereza, kisha kuchomeka patasi kwenye mstari wa karatasi. Zinaachana sawasawa. Mistari ya kukata pingili ichorwe miwili miwili, upana wa msumeno ukiwa katikati yake.

Jipsamu: kilo 1.4 kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jipsamu juu ya maji (usimwage maji juu ya jipsamu, inaganda madonge), subiri dakika 2, koroga bila kuingiza hewa, mimina. Mbao ipakwe sabuni ya mche iliyoyeyushwa, mara tatu, ifutwe kila mara. Unene wa kalibu milimita 35. Kwa joto la mwezi huu zilikauka kwa siku 5.

Kalibu ya kitako ilishindikana. Kitako kina mviringo uliotokeza kama tairi, na chini ya tairi udongo unajifunga, hautoki bila kuchanika. Ilivunjwa, ikatengenezwa upya kwa vipande viwili vinavyoachana ubavuni. Jipsamu kilo 6 ilipotea hapo.

23 Machi. Pingili zimepinda

Udongo ulibanwa kwenye kalibu kwa kidole gumba, unene milimita 7, ndani tupu. Terakota ya majengo ni tupu ndani kwa sababu donge zima haliwezi kukauka wala kuiva kwa usawa: nje inasinyaa, ndani bado mbichi, linapasuka.

Pingili 12 ziliingia kwenye mchomo wa kwanza. Zilitoka 12 zimepinda, 5 zina nyufa. Umbo la nusu duara lililo wazi nyuma lina tabia ya kujikunja, ncha zake zikielekeana. Tofauti ilikuwa mpaka milimita 3 kwa upana wa 60. Hakuna mota, yaani udongo wa kuungia, inayoficha hilo.

Marekebisho yalikuwa matatu, na matatu yote yalihitajika. La kwanza, ukuta mwembamba wa ndani unaounganisha ncha mbili za nyuma, wenye tundu la milimita 10 ili hewa na baadaye mota ipite. La pili, kukausha chini ya plastiki, juu ya vipande vya mbao, na kugeuza kila siku. La tatu ni chenga: udongo uliokwisha kuchomwa, ukasagwa na kupita chekeche ya nusu milimita, asilimia 20 ya uzito. Chenga haisinyai tena, na inaupa udongo mbichi njia za kutoa unyevu. Pingili zilizoharibika ndizo zilizosagwa.

27 Aprili. Rula imepitwa na wakati

Masika yamechelewesha kila kitu. Kilichokauka kwa siku 5 mwezi Machi sasa kinataka siku 12. Usiharakishe kwa feni. Tulijaribu kwa pingili mbili na zote zilipasuka upande uliokabili upepo.

Kosa kubwa la mradi liko hapa. Chenga ilinyoosha pingili, lakini ilibadilisha pia kusinyaa: vibao vipya vilitoka na mstari wa milimita 93. Kusinyaa sasa ni asilimia 7, na kalibu zote zilichongwa kwa 8.5. Pingili ya 65.6 inatoka na 61. Nguzo inakuwa 427 badala ya 420.

Kutengeneza kalibu zote upya kungekula wiki tatu na kilo 30 za jipsamu. Tulitazama upya: kosa linalolingana pande zote si kosa la umbo. Kila kitu cha udongo kimekua kwa kiasi kile kile, kwa hiyo tao bado linaingia kati ya nguzo zake. Vilivyobaki vidogo ni plaiwudi ya nyuma na vyuma, na hivyo vilikuwa havijakatwa. Mchoro mzima ulikuzwa kwa asilimia 101.6, kazi ikaendelea.

Mpangilio unaofaa ni huu: maliza mchanganyiko wa udongo kwanza, chenga ikiwemo, choma vibao mpaka moto wa mwisho, ndipo uchapishe rula, ndipo ushike mbao. Sisi tulishika mbao mapema.

18 Mei. Glezi

Mchomo wa kwanza nyuzi 950, wa glezi 1,050. Glezi nyeupe isiyong'aa, kilo 2, iliagizwa Nairobi. Ilitoka nzuri, laini kama ganda la yai. Siku ya tatu ilianza kulia: milio midogo ya ting, na ukipaka wino ukafuta unaona wavu wa nyufa nyembamba kama nywele. Sababu ni kwamba glezi inapopoa inasinyaa zaidi kuliko udongo ulioibeba, inavutika, inapasuka.

Tuliongeza unga wa kwatzi kwenye glezi: asilimia 5 haikutosha, asilimia 10 ilitosha. Jaribio letu lilikuwa kuchemsha kipande dakika 10 na kukitumbukiza kwenye maji ya barafu, mara tano, kisha wino. Chini ya kila kipande futa glezi milimita 3, la sivyo kinaganda kwenye rafu ya tanuri. Vipande viwili vya kornisi vilipotea hivyo.

Vipande vyenye wavu havikutupwa. Kipande cha gramu 200 kisicho na glezi kilicholowekwa saa 24 kilifika gramu 226: udongo huu unakunywa asilimia 13 ya uzito wake. Glezi nzima inazuia kinywaji hicho, yenye nyufa inakipunguzia kasi tu. Na maji yakishaingia, glezi ile ile inayazuia kukauka kwa upande wa nje. Vipande hivyo vikawa ukuta wa upande wa kulia.

22 Juni. Kujenga pande mbili

Tao lilisimamishwa juu ya fomu ya plaiwudi. Nyuma yake kuna ukuta wa vitofali vidogo, na kila kipande kimeshikwa na waya unaoingia kwenye tundu la juu, kama terakota ya majengo inavyoning'inizwa kwa vyuma kwenye ukuta wa ndani. Timazi na pima maji kila pingili. Kingo zilisagwa kwa msasa juu ya kioo ili kutoa nafasi ya kiungo cha milimita 1.

Upande wa kushoto: glezi nzima, waya usioshika kutu, mota ya chokaa iliyozimwa kipimo 1 kwa mchanga laini 2.5, na matundu ya kutolea maji ya milimita 2 juu ya tao na chini ya kornisi.

Upande wa kulia ni kama ukarabati wa haraka: glezi yenye nyufa, waya wa chuma cha kawaida, mota ya saruji 1 kwa mchanga 3, viungo vimezibwa juu kwa silikoni, hakuna tundu.

Chokaa inataka subira. Tuliifunika gunia bichi siku 7. Sehemu moja iliyosahaulika juani iligeuka unga na ikajazwa upya.

13 Julai. Maji ya bluu

Lita 1 ya maji yenye bluu ya kufulia, dakika 10, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, juu ya roshani. Nyuma kuna pleksigilasi, plastiki angavu kama kioo, ya kutazamia.

Jaribio la kwanza lilivurugika kwa makosa yetu mawili, na yote mawili yanastahili kutazamwa katika jengo lolote lenye roshani juu ya ukuta. Sakafu ya roshani tuliijenga bapa, maji yakasimama kwenye vitako vya viguzo. Na chini ya kornisi hatukuchonga mfereji wa kudondoshea, kwa hiyo maji yalining'inia chini ya ukingo na kurudi ukutani badala ya kudondoka. Sakafu ilirekebishwa kwa mwinamo wa milimita 2 kwa kila 120. Mfereji wa milimita 2 ulichongwa kwenye terakota iliyokwisha kuiva kwa diski ndogo ya almasi, jioni nzima. Ungechongwa kwenye udongo mbichi ungechukua dakika kumi.

Jaribio la pili, 20 Julai. Kushoto maji yaliingia kidogo kwenye viungo vya viguzo, yakashuka ndani, na dakika ya 25 yakaanza kutoka kwenye matundu. Kesho yake matofali ya nyuma yalikuwa makavu kwa kugusa. Kulia hakukutoka tone kwa mbele, na mtu angesema upande huu ndio mzima. Kwa nyuma bluu ilikuwa imejaa ndani ya pingili mbili za juu, na siku ya nne matofali bado yana unyevu, na chumvi nyeupe imeanza kuota. Maji hayakupita kwenye silikoni. Yalipita kwenye nyufa za glezi na kwenye vitako vya viguzo vya ukingo, yakakosa pa kutokea.

Ukingo ule wa viguzo, unaopendeza kuliko kitu kingine chochote kwenye uso wa jengo, ndio mlango mkubwa: kila kiguzo ni kiungo cha mlalo kinachotazama mvua.

31 Agosti. Friza na kutu

Dar es Salaam haina barafu, Brooklyn inayo kila mwaka, na maji yanapoganda hutanuka karibu asilimia 9. Vipande 8 vililowekwa saa 24, vikakaa kwenye friza usiku kucha, vikayeyushwa mchana. Vinne vyenye glezi nzima vilifika mizunguko 20 bila dosari. Kati ya vinne vyenye nyufa, viwili vilibanduka glezi mzunguko wa 11 na 14, na vikaondoka na ngozi nyembamba ya udongo. Hiyo ndiyo namna terakota inavyokufa: kinachobanduka kinaacha mwili usio na utando, na mzunguko unaofuata unakwenda kasi zaidi.

Kwa kutu tulipaka viungo vya kulia maji ya bahari kila siku kwa wiki saba, ili kuharakisha tu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Pingili ya tano kutoka chini ilipasuka wima, ufa ukianzia kwenye tundu la waya. Saruji haikuachia hata chembe. Kiungo kilibaki kigumu na udongo ndio uliopasuka. Upande wa chokaa, kiungo kimoja kilikatika, terakota ikabaki nzima. Kiungo kinajazwa upya kwa robo saa.

7 Septemba. Gharama na kilichobaki

Udongo 72,000. Jipsamu kilo 40, 60,000. Glezi, kwatzi na usafirishaji 95,000. Kukodi tanuri, michomo 5 kwa 45,000, jumla 225,000. Plaiwudi na pleksigilasi 85,000. Nyaya 28,000. Chokaa, saruji na mchanga 15,000. Msasa, sabuni, plastiki, silikoni 24,000. Jumla 604,000. Mchomo wa pingili zilizopinda na mmoja wa glezi iliyolia, yaani 90,000, ungeepukika kwa kuchoma vibao vingi zaidi mwanzoni.

Pingili iliyopasuka imetolewa. Kuitoa kwenye saruji kuliharibu ukingo wa iliyo juu yake, kwa hiyo zinahitajika mbili. Kalibu namba 4 na 5 bado nzima. Udongo umebanwa 5 Septemba, mchanganyiko ule ule wa chenga asilimia 20, na ziko chini ya plastiki.